Kijana wako na Altezza lake: pesa ianze kwenye breki

Mama mmoja wa Mwembesongo, hapa Morogoro, ameniletea ujumbe mrefu kwa simu. Ameomba nisimtaje jina, nami sitamtaja. Nimeufupisha, lakini maneno ni yake:

"Nina kijana wa miaka 25. Alipata kazi miaka miwili iliyopita, akajibana, akanunua Altezza nyeupe ya mkononi. Kila asubuhi anawapeleka wadogo zake wawili shule kabla ya kwenda kazini. Mwezi wa tatu aliniambia gari linadai breki na mkanda wa injini. Nikakopa shilingi 600,000 kwenye kikoba, nikampa. Wiki iliyofuata gari likaja na rimu mpya na bomba la moshi linalonguruma mpaka watoto wa jirani wanaamka. Breki bado zinalia. Baba yake amesema aliuze au ahame nalo. Mimi marejesho ya kikoba nalipa kila Jumamosi. Nimuunge mkono nani?"

Mama, ahsante kwa kuniamini. Najua wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wana kijana wa aina hii nyumbani, na wengine wana mume wa aina hii. Kwa hiyo nitakujibu wewe, na wao wasikie.

Kabla ya kuamua umuunge mkono nani kati ya baba na mwana, kuna watu wawili ambao hawajaulizwa. Ni hao wadogo wanaokaa kiti cha nyuma. Kwao jibu ni fupi: kuanzia kesho asubuhi wasipande gari hilo mpaka breki zitengenezwe. Waende kwa miguu, kwa daladala au kwa bajaji ya mtu unayemfahamu. Breki inayolia inaweza kuwa vumbi tu, na inaweza kuwa pedi imekwisha na chuma kinasaga chuma. Anayeweza kujua ni fundi aliyefungua tairi akatazama. Hadi hapo, watoto wakae pembeni.

Hilo likishafanyika, ndipo tuzungumze habari ya gari lenyewe.

Gari hili ni la namna gani

Wazazi wengi wanaliona Altezza kama gari la wahuni. Si haki. Toyota walilitoa mwaka 1998, na kule Japan lilipewa tuzo ya gari bora la mwaka la msimu wa 1998 na 1999. Ulaya na Marekani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ni gari dogo la milango minne, lililotengenezwa ili dereva afurahie kuendesha. Lina aina mbili: RS200 yenye injini ya silinda nne, na AS200 yenye silinda sita. Zote mbili ni za ujazo wa lita 2, na kwa kawaida nguvu hupelekwa kwenye matairi ya nyuma.

Hilo la matairi ya nyuma liweke akilini. Gari linalosukumwa kwa nyuma, tena lenye nguvu, barabara ikilowa na dereva akikanyaga mafuta kwenye kona, mkia wake huweza kuteleza ukataka kutangulia mbele. Dereva mzoefu hulirudisha. Kijana wa miaka 25 mwenye matairi yaliyoisha, katika mvua za masika, anaweza asilirudishe.

La pili la kuweka akilini ni umri. Altezza za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 2005. Kwa hiyo hata lililo dogo kuliko yote limefikisha miaka 20, na la mwanao huenda linakaribiana naye kwa umri. Chuma cha Toyota kinavumilia. Mpira hauvumilii. Mipira ya breki, mipira ya petroli, bushi za miguu, mikanda ya injini, vyote hivyo huzeeka hata kama gari lilikuwa limeegeshwa tu chini ya mti. Mita ya kilomita haitakuambia habari hiyo.

Kwa nini wanayapenda

Wazazi wenzangu, kabla hatujawakaripia, tukumbuke kwamba mapenzi haya ya magari ya kasi hayakuletwa na TikTok. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na miaka ile ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Babu zetu walisimama kando ya barabara kuyatazama yakipita na vumbi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeiwakilisha Kenya, aliyashinda mara tano. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1973, akiwa na Datsun 240Z, gari la michezo hasa. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda akiwa na Toyota Celica.

Lakini mwambie kijana wako na habari hii nyingine. Mwaka 1968 yalianza magari zaidi ya 90. Yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Na lililoshinda halikuwa gari la michezo. Lilikuwa Peugeot 404, gari la familia, lile lile ambalo watu wazima wanalikumbuka likibeba abiria na magunia. Miaka ile mshindi wa Safari mara nyingi alikuwa yule ambaye gari lake halikukatika kitu njiani. Timu ziliweka mafundi vituoni kukagua na kubadili vifaa kabla havijakatika, si baada ya hapo.

Kwa hiyo kijana anayependa magari kweli anapenda matengenezo. Anayependa mlio na rimu peke yake bado hajafika kwenye gari. Unaweza kumwambia hivyo bila kumtukana, na nadhani atakuelewa, kwa sababu umemwambia kwa lugha ya kitu anachokipenda.

Ngazi nne za matumizi

Hapa ndipo ulipo ugomvi wenu, mama. Kosa si kwamba kijana ametumia pesa kwenye gari. Kosa ni kwamba ameanzia ngazi ya mwisho. Gari kuukuu la kasi lina ngazi nne za matumizi, na hupandi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Kwanza lisimame. Pili lishike barabara. Tatu injini iwe hai. Nne ndiyo mbwembwe.

Ngazi ya kwanza: lisimame

Pedi na diski za breki zikaguliwe kwa macho, matairi yakiwa yamefunguliwa. Mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye kila gurudumu ipindwe kidogo kwa mkono. Ikionyesha nyufa, ibadilishwe.

Kisha kuna kitu ambacho wenye magari wengi hawakigusi kabisa: mafuta ya breki yenyewe. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yakishanyonya maji, huchemka mapema breki zinapopata joto, na mvuke ukiingia kwenye mfumo, pedeli inakuwa laini kama sifongo. Unakanyaga na gari linaendelea. Hali hiyo haikupati ukiwa unatoka Mwembesongo kwenda Msamvu. Inakupata ukiwa unateremka milima ya Uluguru, kutoka Mgeta au Kinole, umekanyaga breki muda mrefu na gari limejaa ndugu waliotoka msibani. Kwa gari la kawaida, mafuta haya hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Yakiwa yamegeuka rangi kuwa ya kahawia kama chai ya rangi, yameshachelewa. Na kwenye mteremko, dereva ashushe gia, injini isaidie kulishika gari.

Ngazi ya pili: lishike barabara

Anza na matairi. Mzazi yeyote anaweza kulikagua tairi bila kuwa fundi. Chuchumaa, tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mpaka mwisho wake ambapo kuna tarakimu nne peke yake. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 1816 lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2016. Likishapita miaka sita, likaguliwe kwa makini. Likifika miaka kumi, litolewe hata kama maua yake bado yanaonekana mazuri. Matairi ya mtumba yanauzwa yakiwa yamesafishwa na kupakwa dawa ya kung'arisha, lakini tarakimu haziongopi.

Halafu rimu. Rimu kubwa hudai tairi jembamba. Tairi jembamba halina pumzi ya kupokea shimo, kwa hiyo pigo linakwenda moja kwa moja kwenye rimu, bearingi na shokapu. Kwa barabara zetu za mitaani, rimu kubwa kwenye gari lenye bushi za miaka 20 ni kuongeza deni.

Boljointi, bushi, tairodi na shokapu vikaguliwe gari likiwa limenyanyuliwa. Gari likivuta upande mmoja, au likigonga gonga kwenye matuta, hiyo ni miguu inalalamika. Baada ya kubadili vifaa vya miguu, lipelekwe kufanyiwa alaimenti, la sivyo hata matairi mapya yatalika upande.

Na kuna mtindo wa vijana kukata springi ili gari likae chini. Mama, hili ukilisikia, kataa. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake, na gari linapiga chini kila tuta. Kama anataka gari la chini, zipo springi zilizotengenezwa fupi kiwandani. Hiyo lakini ni ngazi ya nne, na hatujafika.

Hapa niongeze mipira ya petroli. Sisi wa Morogoro hatuhitaji kufundishwa petroli ni nini. Agosti 10, 2019, hapa karibu na Msamvu, lori la mafuta lilianguka na kulipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kwenye gari la zamani, mpira wa petroli uliopasuka juu ya injini ya moto ni hatari hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, au asubuhi chini ya gari likiwa limelala uani, liendeshwe kwenda mahali pamoja tu: hakuna. Fundi aitwe aje.

Ngazi ya tatu: injini iwe hai

Altezza zote mbili, ya silinda nne na ya silinda sita, zina mkanda wa taimingi. Si mnyororo, ni mkanda wa mpira. Kazi yake ni kuhakikisha vali na pistoni zinapishana kwa wakati. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, vali zinaweza kugongana na pistoni, na hapo hutengenezi injini, unanunua nyingine. Kwa magari mengi ya Japan ya miaka ile, mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda uliokaa miaka mingi ubadilishwe hata kama kilomita hazijatimia. Ukifungua kubadili mkanda, badilisha pamoja nao pampu ya maji na bearingi zake, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ile ile.

Utajuaje kama ulishabadilishwa? Funua boneti. Mafundi wa Japan wengi hubandika stika inayoonyesha tarehe na kilomita za kubadili mkanda. Mwaka unaweza kuandikwa kwa kalenda yao, yaani tarakimu ndogo kama 20 na si 2008. Kwa miaka ya kipindi chao kilichoitwa Heisei, jumlisha 1988. Kwa hiyo 20 ni mwaka 2008. Ikiwa hakuna stika wala risiti ya hapa nyumbani, chukulia kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa.

Huo ndio mkanda ambao pesa yako ya kikoba ilikuwa inaufuata, mama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo lingine ni maji ya rejeta. Wengi tunajaza maji ya bomba, basi. Maji ya bomba huleta kutu na magamba ndani ya injini na rejeta. Tumia kulanti, maji yake ya dawa. Tena, mafundi wengine gari likichemsha hung'oa themostati na kukuambia gari sasa litapoa. Themostati ipo ili injini ifikie joto lake sawasawa. Kuing'oa ni kuficha ugonjwa; chanzo kinaweza kuwa rejeta iliyoziba, feni mbovu, au gasketi ya silinda hedi. Gari likichemsha, zima injini, kaa pembeni, na mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka upoe kabisa. Maji yale yanaunguza uso kwa sekunde moja.

Oili ibadilishwe kwa wakati pamoja na filta yake, na ipimwe kwa kijiti kila wiki. Injini za kuzungushwa sana zikizeeka hula oili. Kula oili kidogo si kifo. Kuendesha bila kujua kwamba imekwisha ndiko kunakoua injini.

Ngazi ya nne: mbwembwe

Rangi, taa, redio, rimu, mlio. Si dhambi. Kijana anayefanya kazi na kulipa kodi ana haki ya kitu kizuri. Lakini viwili vinahitaji neno la mzazi.

La kwanza ni usukani. Vijana wanapenda kufunga usukani mdogo wa mashindano. Ule wa kiwandani ndani yake mna mfuko wa hewa unaomkinga dereva kifua na uso. Ukiung'oa, umeuondoa na mfuko. Uliza, na kama umeng'olewa, urudishwe.

La pili ni mlio. Mtaa una wagonjwa, wazee na watoto wachanga. Kijana asiyeweza kuondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kuuamsha mtaa hajawa mkubwa bado, awe na gari au asiwe nalo.

Fundi na uwanja wa nyumbani

Gari la zamani ni la kulea na fundi mmoja anayelijua, si kila wiki mwingine. Mchague kwa kumtazama anavyofanya kazi. Fundi mzuri hukuonyesha kifaa kilichoharibika kabla ya kukutuma dukani, na akimaliza hukurudishia kile cha zamani. Ukiagiza spea Dar es Salaam, kule Kariakoo au Ilala, nenda na namba ya chesesi au picha ya kifaa cha zamani. Altezza ina aina mbili za injini, na spea nyingi za moja haziingii kwenye nyingine. Kwa breki, boljointi na mkanda wa taimingi, nunua kipya cha uhakika. Mlango, kioo cha pembeni au taa, cha mtumba kinatosha.

Kama kijana anatengeneza mwenyewe uani, na vizuri ajifunze, weka masharti matatu. Hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekwe kwenye stendi za chuma, mahali pagumu palipo sawa. Watoto wadogo wasicheze hapo. Na kulanti iliyomwagwa isiachwe kwenye beseni, kwa sababu ina utamu na ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa.

Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni. Mitaro yetu hupeleka maji kwenye mito, mto Morogoro huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndio wanaokunywa ndugu zetu wa Dar es Salaam. Ikusanywe kwenye dumu, apelekewe fundi mwenye pa kuitupa au anayeiuza kwa wanaoitumia tena.

Sasa ugomvi wa nyumbani

Mama, nirudi kwako. Baba anasema auze au ahame. Mwana hajasema kitu, anapandisha sauti ya ekzosi. Wewe uko katikati na deni la kikoba.

Usimuunge mkono yeyote kati yao kwa asilimia mia. Baba ana haki ya kuogopa. Pengine ameona ajali nyingi barabara ya Dar na ya Iringa kuliko anavyosema. Lakini kijana wa miaka 25 akihama na gari bovu, gari haliponi kwa kuhama. Litakuwa bovu hilo hilo, ila wewe hutaliona tena. Akiwa nyumbani bado mnaweza kulisimamia.

Nakushauri hivi. Mkae watatu, jioni moja ambayo hakuna aliyechoka sana. Uwepo daftari mezani. Kijana mwenyewe aandike, kwa mkono wake, kila kitu ambacho gari linahitaji, kwa ngazi zile nne. Fundi akague kabla, ili orodha isiwe ya kubuni. Halafu kila kitu kiwekewe bei na mwezi. Mtaona wenyewe kwamba orodha ndefu haina maana ya gari baya. Ina maana ya gari la miaka 20 ambalo halijatunzwa.

Kisha deni. Zile 600,000 zilitolewa kwa kazi maalumu, hazikufanya kazi hiyo. Azirudishe. Si kwa hasira, kwa utaratibu: marejesho ya kila Jumamosi yatoke mfukoni mwake kuanzia wiki hii mpaka yaishe. Kama hana, rimu zina soko. Auze, arudishe za zamani. Najua utamwonea huruma. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Na siku nyingine ukitaka kumsaidia, usimpe fedha mkononi. Nenda naye dukani, ulipie pedi za breki, urudi na risiti.

Baba naye apewe kazi. Mwambie hivi, kwa upole: "Baba Fulani, usiliuze bado. Wewe ndiye utakayekagua daftari kila mwisho wa mwezi." Wazee wengi wanaokataa gari la kijana wamekataa kwa sababu hawakuulizwa kitu. Akiwa ndiye anayesoma tarakimu za matairi na kutazama rangi ya mafuta ya breki, ataacha kulitazama gari kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Na watoto? Watarudi kwenye kiti cha nyuma siku ngazi ya kwanza na ya pili zitakapokuwa zimepigwa alama ya vema kwenye daftari. Wafunge mikanda, na mikanda ya nyuma ivutwe ionekane kama inashika. Kwenye magari ya umri huu mara nyingi imejificha chini ya viti. Ndani ya mji, kilomita 50 kwa saa ni sheria, na kaka yao aifuate akiwa nao na akiwa peke yake. Wadogo ndio watakaokuambia kama anaifuata. Waulize, wala usiwaulize mbele yake.

Safari za Dar es Salaam za kila wiki zinaweza kupunguzwa pia. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar na Morogoro. Akipanda treni wikiendi, matairi yanapumzika na nauli yake ni ndogo kuliko petroli ya gari la lita 2 linaloendeshwa na mtu mwenye haraka.

Lini liuzwe kweli

Kuna wakati baba atakuwa sahihi. Kama fundi wawili tofauti wakisema chesesi imeoza kwa kutu au ilipinda kwenye ajali ya zamani, liuzwe, na mnunuzi aambiwe ukweli. Kama matengenezo ya ngazi ya kwanza na ya pili yanazidi thamani ya gari, liuzwe. Kama miezi mitatu imepita na daftari halina alama hata moja lakini kuna taa mpya za bluu chini ya gari, hapo tatizo si gari. Liuzwe, na kijana apande daladala mpaka atakapokuwa tayari.

Lakini kama akianza na breki, akalipa deni lako, akamwonyesha baba yake mkanda wa zamani uliotolewa na nyufa zake, mwachie. Kijana anayejifunza kutunza kitu kuukuu chenye nguvu, kwa subira, kwa pesa yake, kabla hakijakatika, anajifunza jambo atakalolihitaji siku akiwa na nyumba yake na watoto wake.

Anza na Jumamosi hii. Kabla ya kwenda kikoba, chuchumaa karibu na kila tairi, andika zile tarakimu nne, umpelekee kijana wako na kalamu. Nitafurahi ukiniandikia tena mkishakaa mezani. Wazazi wengine mlio na gari kuukuu uani, nanyi niandikieni linawasumbua nini. Tukutane wiki ijayo.